Bahari Inaanzia Newala: Somo la Mkataba wa Nairobi kwa Watu wa Uwandani

Mwambie mtu wa Newala kwamba yeye ni mtu wa bahari, atakuangalia mara mbili. Kwetu bahari ni ng'onda sokoni, ni chumvi, ni basi la Mtwara la alfajiri. Masasi ndio kabisa. Kutoka pale mpaka Mtwara ni kilomita zipatazo 200 za barabara, na ukisimama mjini unachokiona ni majabali ya Mkomaindo na Mtandi, hakuna hata harufu ya maji ya chumvi. Kwa hiyo niliposema kwenye kimbweta kwamba tasnifu yangu ya mwaka wa tatu inahusu mkataba wa kulinda bahari, na kwamba eneo langu la utafiti ni Masasi na Newala, wenzangu wa kozi walicheka. Mmoja aliuliza kama bumu limeisha na nimekosa nauli ya kufika Msimbati.

Makala hii ni jibu kwake. Pia ni somo kidogo kwa yeyote anayesoma maendeleo, sheria, kilimo, maji au uhusiano wa kimataifa, maana mkataba ninaouzungumzia unagusa kozi zote hizo na karibu haufundishwi popote. Tunakariri Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka usingizini, mtihani unakuja, tunafaulu, halafu hatujui ni chombo gani kinawakalisha Mkenya, Mtanzania na Mreno-Mwafrika wa Msumbiji meza moja kuzungumzia samaki wale wale.

Tuanze na ramani, kwa sababu bila ramani hoja yote itaelea.

Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unateremka kusini, kisha unageuka mashariki na kwa sehemu kubwa ya safari yake ya takribani kilomita 800 ndio mpaka wetu na Msumbiji. Bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 150,000. Karibu theluthi mbili ya eneo hilo iko Msumbiji, iliyobaki karibu yote ni yetu, na kipande kidogo ni cha Malawi. Kabla ya kufika baharini mto unapita katikati ya nyanda mbili zinazotazamana kama ndugu waliogombana: upande wetu uwanda wa Makonde wenye Newala na Tandahimba, ng'ambo uwanda wa Mueda. Huku Wamakonde, kule Wamakonde. Ukisogea magharibi kuelekea Masasi na Nanyumbu utawakuta Wamakua na Wayao, nao wana shangazi na wajomba pande zote mbili. Ukitaka kuliona hili kwa macho nenda pale Newala panapoitwa Shimo la Mungu. Uwanda unakatika ghafla, chini kabisa bonde, mto kama uzi, na kule mbele ni nchi nyingine.

Kaskazini kuna mto mwingine, Lukuledi, unaotoka maeneo ya Masasi na kumwaga maji Lindi. Maana yake tone la mvua likianguka wilaya ya Masasi lina njia mbili tu za kuchagua, na zote mwisho wake ni Bahari ya Hindi.

Sasa uwanda wenyewe una tabia ya ajabu. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini juu hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, unayanywa maji yote, na maji hayo yanatokea tena chini kabisa kwenye kingo za uwanda kama chemchemi. Ndiyo maana historia ya Newala ni historia ya wanawake kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mradi wa Maji Makonde ulioanza miaka ya 1950 ulisukuma maji kutoka chini kuyapandisha juu kwa pampu, na mpaka leo suala la maji kule kwetu ni suala la dizeli au umeme, si suala la mvua. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, Wafini walikuja na mradi mkubwa wa maji vijijini Mtwara na Lindi. Babu yangu hadi anafariki alikuwa anaita pampu yoyote ya mkono "ya Mfini". Wafini mnisaidie kuwakumbuka, nitawarudia.

Kwa hiyo mtu wa uwandani ameizoea hoja kwamba maji ya juu na maji ya chini ni maji yale yale. Kinachobaki ni kumpeleka hatua moja mbele, mpaka mdomoni mwa mto.

Pale Ruvuma unapoingia baharini kuna msitu mkubwa wa mikoko. Mwaka 2000 serikali ilitangaza eneo hilo pamoja na Ghuba ya Mnazi kuwa hifadhi ya bahari, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba zipatazo 650 za nchi kavu na maji. Nje ya mikoko kuna matumbawe. Watu wengi wanadhani tumbawe ni jiwe. Ni mnyama, na ndani ya mwili wake wanaishi vijimea vidogo sana vinavyotengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, ambavyo humlipa mwenyeji wao kwa chakula hicho. Ukiondoa mwanga, biashara imevunjika. Tope jingi likija na mto, maji yanakuwa kama chai ya maziwa, mwanga haufiki, na lile linalotua chini linamfunika mnyama mwenyewe. Joto la bahari nalo likizidi, tumbawe linavitema vijimea na kubaki jeupe. Hilo lilitokea mwaka 1998 sehemu nyingi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, na likaua matumbawe mengi. Joto hatuwezi kulizuia tukiwa Newala. Tope tunaweza, na tumbawe lisilosongwa na tope lina nguvu zaidi ya kupona likishaungua.

Mikoko kazi yake ni chujio. Mizizi inapunguza kasi ya maji, tope linatua, maji yanatoka yakiwa masafi zaidi. Lakini hakuna chujio lisiloziba.

Kuna jambo moja kuhusu mikondo ambalo kila mwanafunzi wa pwani ya Afrika Mashariki angepaswa kulijua kama anavyojua jina la rais. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hufika kwenye bara letu maeneo ya kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, na hapo hugawanyika: tawi moja linashuka kusini kwenye Mlango wa Msumbiji, lingine linapanda kaskazini kupita Mtwara, Kilwa, Mafia, Zanzibar, Tanga mpaka Kenya. Wanasayansi wa matumbawe wanayahesabu maji haya ya mgawanyiko kuwa miongoni mwa yenye aina nyingi zaidi za matumbawe katika upande wetu wa bahari. Na kwa kuwa mayai na vichanga vya matumbawe na samaki wengi huelea na mkondo, kinachozaliwa Mtwara kinaweza kukulia kaskazini. Vivyo hivyo tope. Kinachotoka kwenye mdomo wa Ruvuma kwa kawaida kinaelekea kaskazini, yaani kwetu, haijalishi kilimomonyoka ukingo upi.

Tafakari hapo kidogo. Msumbiji ina sehemu kubwa ya bonde, Tanzania inapokea sehemu kubwa ya matokeo. Na sisi Tanzania kwa Kenya tuko vilevile kama Msumbiji ilivyo kwetu, jirani wa juu anayemtumia wa chini mazuri na mabaya. Katika hali kama hiyo hakuna nchi inayoweza kusema italinda bahari yake. Bahari yake ni ipi?

Hapa ndipo mkataba unapoingia. Mwaka 1974 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa bahari za kikanda, kwamba nchi zinazochangia bahari moja ziwe na mkataba wake. Wetu ulitiwa saini Nairobi tarehe 21 Juni 1985, ndiyo maana unaitwa Mkataba wa Nairobi. Unahusisha nchi kumi: Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Komoro, Madagaska, Morisi, Shelisheli, na Ufaransa kwa sababu ya kisiwa chake cha Réunion. Ulianza kutumika 1996. Hesabu mwenyewe, ni miaka karibu 11 tangu kalamu ziwekwe mezani.

Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu kusaini si kuridhia, na hili ndilo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalichanganya kila mara. Waziri akisaini amesema nchi ina nia. Kuridhia ni nchi kukubali kufungwa, na kwetu Katiba, ibara ya 63(3)(e), imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji hivyo. Mpaka nchi za kutosha ziridhie, mkataba unakaa kabatini.

Mkataba wenyewe ni kama mti, na itifaki ni matawi yake. Zile mbili za mwanzo, za 1985, zilihusu maeneo ya hifadhi na viumbe wake, na ushirikiano inapotokea dharura ya uchafuzi baharini. Ya dharura usiione ya mbali. Tarehe 25 Julai 2020 meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba Morisi na baada ya siku kadhaa ikamwaga mafuta yapatayo tani 1,000. Sasa waza kuhusu Ghuba ya Mnazi iliyogunduliwa gesi mwaka 1982, waza kuhusu Palma upande wa pili na mradi wake wa gesi, na meli zote zitakazopita hapo siku za usoni.

Itifaki ninayoipenda mimi ni ya tarehe 31 Machi 2010, siku ambayo mkataba wenyewe pia ulifanyiwa marekebisho. Hii inahusu kulinda bahari na pwani dhidi ya vyanzo na shughuli za nchi kavu. Soma jina tena. Kwa miaka 25 mkataba ulikuwa umesimama ufukweni ukiangalia majini. Mwaka 2010 ukageuza shingo ukaangalia mlimani. Siku hiyo, kwenye karatasi, Newala ikawa bahari.

Na Jumuiya ya Afrika Mashariki? Ina wanachama wanane sasa, na nusu yao hawana bahari. Kongo ina kipande chake kidogo, lakini ni cha Atlantiki. Msumbiji haimo. SADC ndiyo ina Msumbiji na sisi, lakini Kenya haimo. Mkataba wa Nairobi ndio unaotukusanya tunaoguswa na mkondo mmoja. Kwa mito, SADC ina itifaki yake ya maji ya pamoja iliyorekebishwa mwaka 2000, na mwaka 2006 Tanzania na Msumbiji zilikubaliana kuunda tume ya pamoja ya maji kwa ajili ya Ruvuma. Kwa hiyo kwenye karatasi mto una chombo chake na bahari ina chombo chake. Kazi ya kuviunganisha imeachwa, kwa maoni yangu, kwa maji yenyewe.

Ushirikiano wa aina hii ukifanya kazi hauonekani, na ndiyo maana tunaudharau. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro, kisha tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, jirani kabisa na sisi. Mtwara shule zilifungwa na watu wa mabondeni wakaambiwa wapande juu kabla upepo haujafika. Taarifa zile zilitoka wapi? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilituletea, lakini kituo ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekipa jukumu la kufuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kiko Réunion. Mama ntilie wa Mikindani alifunga banda lake mapema kwa sababu ya watu ambao hatawaona maisha yake yote. Huo ndio ushirikiano wa kikanda, si picha za mawaziri wameshikana mikono.

Nilisema nitawarudia Wafini. Wao na majirani zao wanachangia Bahari ya Baltiki, bahari iliyojifunga yenye mlango mwembamba. Mwaka 1974, katikati ya vita baridi, nchi saba za kambi zote mbili zilisaini mkataba Helsinki wa kuilinda. Walianza kama sisi, wakiangalia meli na mabomba ya pwani. Bahari ikaendelea kuugua. Mbolea kutoka mashamba ya bara ilikuwa inafuata mito, ikilisha mwani mpaka unajaa, unakufa, unaoza na kumaliza hewa ya chini, samaki hawana pa kukaa. Wakaandika mkataba mpya mwaka 1992 na safari hii wakasema wazi kwamba unahusu bonde zima linalomwaga maji baharini, siyo pwani tu. Mkulima wa ndani kabisa wa Poland akawa mtu wa bahari, apende asipende. Baltiki bado inaumwa, tusidanganyane, lakini angalau mgonjwa anatibiwa mwili mzima.

Basi watu wale wale waliochimba visima vyetu walikuwa kwao wanajifunza somo ambalo sisi ndio kwanza tunalianza.

Nije sasa kwenye shamba, maana nadharia haiwezi kumaliza njaa.

Uchumi wa Masasi na Newala ni korosho. Mkorosho unaugua ubwiriunga, na tangu miaka ya 1980 dawa yetu kuu imekuwa salfa ya unga. Kuanzia Mei hivi mashine zinaunguruma na uwanda mzima unanuka. Wenzangu wa mazingira hukimbilia kusema salfa inaua bahari. Hapana. Maji ya bahari yenyewe yamejaa salfeti tangu zamani, unga wetu hauwezi kuibadilisha. Tatizo la salfa liko shambani: watafiti walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba inaongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga. Na hapa ndipo ninapoona mnyororo. Udongo ukichacha, mahindi chini ya mikorosho hayatoi kama zamani. Familia inatafuta ardhi nyingine ya chakula. Ardhi iliyobaki ni kwenye miteremko na bondeni. Ufuta nao umekuja na bei nzuri, unataka shamba jipya. Mteremko ukishavuliwa nguo, mvua za Januari zinamaliza kazi, na Ruvuma inageuka rangi.

Kwa hiyo bei ya korosho mnadani na rangi ya maji ya Msimbati ni habari moja. Mwaka 2018 wanunuzi walipogoma na serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kila mtu hapa chuoni aliongea siasa. Mimi nilitaka kujua ni familia ngapi ziliongeza shamba la bondeni zikisubiri malipo.

Mama yangu mkubwa ni mmoja wa wanaoshuka bondeni. Kiangazi kikianza, anateremka na wenzake kulima mboga na mpunga kando ya Ruvuma, analala kwenye kidungu, anarudi juu na magunia. Bustani ile ndiyo iliyoninunulia sare za shule. Na bustani ile iko ndani ya mita 60.

Mita 60 ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya umbali huo kutoka kwenye mto, ziwa au bahari haziruhusiwi shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya chanzo hicho. Ni kifungu kizuri. Ukingo wenye majani na miti unashika udongo, na kwa mto kama Ruvuma ndiyo kinga ya kwanza ya mikoko iliyo chini. Lakini kifungu kiliandikwa kana kwamba mto umetulia. Ruvuma ni mto wa mchanga, unahama. Mwaka huu uko hapa, mwakani umekula ukingo, umeacha kisiwa. Ukiweka bikoni leo, baada ya mafuriko mawili bikoni iko majini au iko nusu kilomita.

Likizo iliyopita nilimweleza mama mkubwa habari hizi zote, tumbawe, tope, mikondo. Alisikiliza vizuri tu, huku anachambua mchele. Kisha akauliza, "Na wale wa ng'ambo nao wameambiwa?"

Nimesoma vitabu kadhaa vya ushirikiano wa kimataifa na sijakuta swali lililo zito zaidi ya hilo. Yeye akiacha mita zake 60, ukingo wa pili ukabaki unalimwa mpaka majini, mto utakuwa mchafu vilevile na yeye atakuwa amepoteza bustani. Mwanamke wa ng'ambo naye, ambaye pengine wanafahamiana kwa ukoo, ana haki ya kuuliza hivyo hivyo kuhusu sisi. Mkataba wa kikanda, ukiuvua Kiingereza na Kifaransa chake chote, ni ahadi kwamba wale wa ng'ambo nao wataambiwa, siku ile ile, maneno yale yale, na kupewa msaada ule ule. Bila hiyo, sheria ya nchi moja kwenye mto wa nchi mbili ni kumwonea aliye karibu na ofisi.

Msimamo wangu ni huu, na najua afisa mazingira atakayesoma atakunja uso. Mita 60 zisomwe kama ukanda wa miti inayolisha watu, si ukanda wa kufukuza watu. Embe, migomba, mianzi, matete ya kulisha mifugo. Mizizi inakaa, jembe halichimbi kila mwaka, na mama mkubwa anaendelea kuuza. Sheria inakataza kinachoharibu. Mwembe hauharibu ukingo. Lakini mwembe unachukua miaka kuzaa, na hiyo miaka ya katikati ndiyo fedha za miradi ya kikanda zingepaswa kuigharamia. Fedha hizo zipo, hupitia Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Miradi miwili mikubwa ya Mkataba wa Nairobi kuhusu shughuli za nchi kavu imeshapita tangu 2004. Semina nyingi zimefanyika mijini, na miji hiyo karibu yote ina bahari dirishani. Siku semina moja ikifanyika Newala, washiriki wakapelekwa Shimo la Mungu badala ya ufukweni, nitaamini kwamba itifaki ya 2010 imesomwa.

Tusiseme hatuna mfano wa watu kujipanga wenyewe. Miaka ya 1990 baruti ilikuwa inapigwa Mtwara kama ngoma. Mlipuko mmoja, samaki wanaelea, tumbawe la miaka mingi linakuwa kokoto. Vijiji vya wavuvi vya Kilwa, Lindi na Mtwara vikaungana katika umoja uliojulikana kama Shirikisho na kusukuma serikali ichukue hatua. Baruti haikuisha siku hiyo, ilirudi na nguvu, na operesheni kubwa za miaka ya karibuni ndizo zilizoipunguza sana. Lakini wavuvi wale walionyesha kwamba kijiji kwa kijiji inawezekana. Walichokosa ni watu wa juu. Ulikuwa umoja wa vijiji vya pwani.

Na tusijifanye hatuoni kinachozuia. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado iko kwenye mapigano. Oktoba 2020 yalivuka mto mpaka kijiji cha Kitaya, Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Mto uliokuwa njia ya harusi na misiba umekuwa mstari wa ulinzi. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, lipo, linapitika, lakini huwezi kuwaomba watu wapime tope wakati wanahesabu waliopotea. Nadhani hata hivyo mazungumzo ya maji ni mepesi kuliko ya mpaka, na kati ya nchi zilizopigania uhuru pamoja, huku Nachingwea ikiwa kambi ya FRELIMO, si haki kusema haiwezekani.

Kwa upande wetu wanafunzi kazi ni ndogo na inaanza Juni, tukienda fildi. Kupima uchafu wa maji hakuhitaji maabara. Unakata sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20 au 30, unaipaka nyeupe na nyeusi kwa robo, unaitoboa katikati na kuifunga kamba yenye alama kila sentimita 10. Unaishusha majini. Kina ambacho sahani inapotea machoni ndicho kipimo. Sehemu ya mto iliyo nyepesi kina, unatumia bomba la plastiki linaloonyesha ndani, hesabu ni ile ile. Mtu mmoja Mtambaswala, mmoja bondeni chini ya Newala, mmoja Kilambo, mmoja kwenye ghuba, siku moja, saa moja, mara mbili kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja tutakuwa na mstari kwenye grafu unaoonyesha tope linaingilia wapi.

Watatu tumeshapatikana, mmoja wa kilimo, mmoja wa jiografia na mimi. Ukingo wa pili hatuna mtu. Pale Pemba, ile ya Msumbiji siyo ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Lúrio kina kitivo cha sayansi asilia, na wanafunzi wake wana fildi kama sisi. Barua ya kuwaomba wapime siku zile zile tumeiandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Anayejua Kireno atutafute kwenye kimbweta cha nyuma ya maktaba, jioni yoyote isipokuwa Ijumaa, kabla ya mitihani kuanza.